Ukitaka kuuelewa Utao, anza na maji

Nilipokuwa masomoni Chengdu, mkoani Sichuan, nilijiunga na wazee waliokuwa wakifanya taijiquan, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, kila alfajiri kwenye bustani jirani na bweni letu. Mwezi wa kwanza nilikaza kila kitu: meno, mabega, vidole. Wao wakikunja magoti kidogo, mimi nashuka mpaka chini nionekane nimeiva. Wiki ya tano goti la kulia likavimba. Mzee aliyetuongoza hakunikemea. Aliniwekea vidole viwili begani, akalibonyeza taratibu, akasema neno moja: "Song." Legea. Asubuhi ile alilirudia mara nyingi mno.

Nayasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunaokwenda China kusoma au kufuata mzigo, tukitaka kuujua Utao, falsafa na dini ya jadi ya Wachina, tunakimbilia kitabu chake. Daodejing ni kijitabu cha sura 81 fupi fupi, maandishi ya Kichina kama 5,000 tu. Ukifika kwenye neno wu wei, yaani kutotenda, utadhani unaambiwa ukae kitako usubiri riziki. Mimi nilidhani hivyo. Kwa hiyo nakushauri, kitabu kiweke kando kwanza. Panda treni hadi Dujiangyan, haifiki saa moja kutoka Chengdu, ukautazame mto.

Yapata mwaka 256 kabla ya Kristo, gavana Li Bing alikabidhiwa balaa la mto Min. Ukifurika unazamisha uwanda, ukipungua mashamba yanakauka. Hakuuziba. Katikati ya mto aliweka ulimi wa mawe yaliyopakiwa kwenye matenga marefu ya mianzi, Wachina wanauita mdomo wa samaki, mto ukagawanyika. Mkono wa ndani ni mwembamba wenye kina, wa nje ni mpana usio na kina. Maji yakiwa haba, kama asilimia 60 huingia ndani kuelekea mashambani. Mto ukijaa, kama asilimia 60 hutokea nje. Mgawo huo ulifanywa na umbo la mto wenyewe. Leo, zaidi ya miaka 2,000 baadaye, uwanda wa Chengdu bado unamwagiliwa kutoka pale.

Na jasho lilimwagika. Mlima ulipasuliwa kupitisha mfereji, na watu walikuwa wakishuka mtoni majira ya baridi kuzoa mchanga na kusuka matenga mapya. Juu ya mto kuna hekalu la Watao, Erwang, la kumuenzi Li Bing na mwanawe, na ukutani yamechongwa maneno yanayosema: chimba kina, kizuizi kisiinuliwe juu. Niliyasoma nikiwa nimeegemea ukuta kwa sababu ya goti. Hapo ndipo wu wei ilipoacha kuwa fumbo kwangu. Unafanya kazi sana, ila hushindani na tabia ya kitu.

Ukishaona hayo, nenda hekaluni. Utasikia wasomi wakisema Utao wa kweli ni falsafa ya Laozi, anayetajwa kuwa ndiye aliyeandika Daodejing, na udi na sanamu ni nyongeza za watu wa kawaida. Sikubaliani nao. Sichuan hiyohiyo ndiko Zhang Daoling alikoanzisha njia ya Mabwana wa Mbinguni, dhehebu la Watao, mwaka 142 baada ya Kristo, waumini wakitoa pishi tano za mchele na wagonjwa wakiungama makosa yao ili wapone. Dini hiyo imelea watu karne nyingi. Usiipite kama mapambo.

Mjini Chengdu lipo hekalu la Qingyang. Kizingiti kiruke, usikikanyage. Watu huwasha vijiti vitatu vya udi. Ukimsalimia mtawa, kunja mikono kifuani, wa kushoto ukifunika wa kulia, na tafadhali usimuulize umri. Kwao ni utovu wa adabu. Mwenye nywele ndefu zilizofungwa utosini huenda ni wa dhehebu la Quanzhen, hao hawaoi na hawali nyama. Wa dhehebu la Zhengyi huruhusiwa kuwa na wake na watoto. Mimi ni Mwislamu, sikuwasha udi wala sikuinama, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kuna mbuzi wawili wa shaba pale, wanang'aa kwa kushikwashikwa. Mwenye maumivu humpapasa mbuzi mahali anapoumwa yeye. Nilimwona mama mmoja akilisugua goti la mbuzi kwa kiganja, kisha lake, kisha la mbuzi, bila haraka yoyote. Nilisimama pembeni yake muda mrefu.

Goti langu lilichukua kama mwezi kupoa. Niliporudi bustanini nilisimama safu ya nyuma, karibu na bibi mmoja aliyekuwa akikunja magoti kidogo tu, pumzi yake haisikiki. Nikamfuata yeye.