Vibao vya Kenny Rogers: jua kisa kwanza kabla hujaweka harusini

Wikendi mimi huweka muziki, harusi, ruracio (ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu), birthday za wazee, hafla za kustaafu, na huku kwetu Nakuru ukikubali kazi ya watu wa rika la juu jua umekubali Kenny Rogers, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, hakuna kujadiliana hapo. Vijana watakuambia kantri ni ya wazee wa kofia na fimbo, sawa, lakini ngoja korasi ya "The Gambler" ifike uone kama huyo kijana hajui maneno. Anayajua yote, redio ya Jumapili ilimlea nayo.

Sasa kitu kinachonifanya niandike hii ni venye watu wanachagua hizi nyimbo. Bi harusi ananitumia plelisti kwa WhatsApp, naifungua, nakuta "Lucille" iko hapo kwa kuingia ukumbini. Kuingia ukumbini jameni! Nikimuuliza anasema ni wimbo mtamu, babake anaupenda. Ni mtamu, siwezi kubisha. Shida ya huyu mzee ni ile sauti yake, ile nzito yenye kukwaruza kidogo, inabembeleza kila kitu, hata akikuimbia habari ya mtu aliyeachwa na mke utadhani ni barua ya mapenzi. Lakini Kenny alikuwa msimulizi kabla ya yote. Vibao vyake vingi vikubwa ni visa kamili, vina watu, vina mahali, vina mwisho, na mwisho wenyewe mara nyingi ni mchungu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni mmoja tu, mengine yote ni mifano. Kabla hujaweka wimbo wa Kenny kwa hafla ya mtu, simulia kisa chake kwa Kiswahili, sentensi mbili tatu, kama unamhadithia shangazi wa bi harusi. Ukiona unaona haya kuendelea, toa huo wimbo.

Tuanze na hiyo "Lucille" yenyewe, ya 1977, ndiyo iliyomfanya mkubwa akiwa peke yake baada ya kuachana na kundi lake la First Edition. Jamaa ako baa huko Toledo, Ohio, mwanamke amekaa pale anavua pete ya ndoa, anaagiza kinywaji, wanaanza maneno. Mara mlangoni anaingia mume, mwanaume wa mashamba, mikono ya kazi, jamaa anaogopa atapigwa, kumbe yule mume hana hata nguvu ya kupigana, anamwambia tu mkewe umechagua wakati mbaya wa kuniacha, watoto wanne wana njaa na mavuno yako shambani. Wengine wakisikiliza haraka, "four hungry" wanaisikia "four hundred", watoto mia nne, huo ni utani wa miaka mingi kila mahali huu wimbo ulipofika. Halafu jamaa anaenda na yule mama hotelini na anashindwa kumgusa, maneno ya mume yanamrudia kichwani. Haya, mhadithie shangazi hiyo saa ile bi harusi anaingia na baba yake. Cha kuchekesha ni kwamba mama mzazi wa Kenny naye aliitwa Lucille, na wimbo hata haukuandikwa na yeye, ni wa Roger Bowling na Hal Bynum.

"Ruby, Don't Take Your Love to Town" ni mbaya zaidi, na ndio huo wazee hupenda kuchezea rumba ya polepole. Uliandikwa na Mel Tillis, First Edition waliupiga 1969. Mwanajeshi amerudi vitani miguu haifanyi kazi, amelala kitandani anamtazama mke wake akijipaka rangi midomoni na kuchana nywele atoke kwenda mjini, na wote wawili wanajua anaenda kufanya nini. Mwisho kabisa jamaa anasema laiti ningeweza kusogea ningechukua bunduki. Angalia venye ngoma inavyotembea, ile dram ya haraka haraka chini, inaficha kila kitu, mtu anatikisa kichwa akidhani ni wimbo wa safari. Huu mimi huweka kwa baa, usiku, watu wazima peke yao. Harusini hapana, nimeshakataa pesa kwa sababu yake.

"Coward of the County" ya 1979 nayo inapendwa na watoto, na mwalimu mmoja aliwahi kutaka tuiweke siku ya michezo eti inafundisha upole. Nusu ya kwanza ni kweli, Tommy ana miaka 10, babake anafia jela, anamwachia neno kwamba mwanaume si lazima apigane. Lakini mbona Tommy anapigana mwishoni? Kwa sababu ndugu watatu wa ukoo wa Gatlin wamemvamia Becky mpenzi wake kwa zamu akiwa nyumbani. Ndio kisa hicho. Imeimbwa kwa korasi tamu kabisa, na huko Uingereza ilifika namba moja mapema 1980. Mimi nauona ni mmoja wa nyimbo zake bora kabisa, namna anavyoshusha sauti Tommy akifunga mlango wa baa kwa ndani badala ya kutoka, hapo mwili unasisimka. Sikiliza nyumbani.

Mtego mwingine ni zile ambazo hazina damu wala baa. "We've Got Tonight" aliyoimba na Sheena Easton 1983, na kabla yake ilikuwa ya Bob Seger. Watu wanaona mwanamume na mwanamke wanaimbiana polepole wanasema hiyo ni ya kufungua dansi. Kisa chenyewe ni watu wawili wapweke, mmoja anambembeleza mwenzake alale hadi asubuhi, kesho haijulikani. Kesho haijulikani, halafu wewe unaicheza mbele ya padri aliyetoka kufungisha ndoa. "Daytime Friends" hata sitaeleza, jina linatosha, mchana marafiki, usiku mambo mengine.

Sasa utaniuliza, tuweke nini? Ziko, tena nyingi.

Ya kufungua dansi ni "Lady". Lionel Richie aliiandika na kuiproduzi mwenyewe mwaka 1980 akiwa bado na kundi lake The Commodores, na ilikaa namba moja Marekani wiki 6. Hakuna kisa cha kuogopa hapo, ni mwanaume anasimama mbele ya mwanamke wake anamwambia yote. Ila kuna kitu nimejifunza kwa kazi, inaanza na kinanda peke yake na sauti iko chini sana, kwa hivyo kama ukumbi ni hema na watu bado wanagonga sahani hawataisikia, bwana harusi atasimama katikati kama amepotea. Mwambie emsii anyamazishe watu kwanza, halafu panda na sauti kidogo kuliko kawaida hapo mwanzo, ukifika pale vinanda vya nyuzi vinaingia rudisha chini kabla hujapasua masikio ya wazee wa mbele. Kama hawataki kitu kizito hivyo kuna "You Decorated My Life" ya 1979, fupi, safi, na hakuna dijei mwingine ataiweka kwa hivyo itakumbukwa.

"Through the Years" ya 1981 ni nzuri ajabu lakini si ya maharusi. Huyo anayeimba anatazama nyuma, anashukuru mtu aliyekaa naye miaka yote. Mmejuana tangu mwaka juzi kwa Facebook, miaka gani hiyo mnatazama? Iweke kwa jubilii ya miaka 25 au 40. Nilishaiweka kwa wazazi fulani kule Njoro wakikata keki ya miaka 40, mzee alikuwa ameshika kisu, wimbo ukaanza, akaweka kisu chini, akatoa leso, na mama akaendelea kukata keki peke yake akimwangalia kwa pembe ya jicho. Mpiga picha alikuwa anakula. Kwa hivyo hiyo pia iwe ushauri, mwambie mpiga picha mapema ni wimbo gani unakuja.

Kwa ruracio, au ile sehemu wanaume wazee wanapewa maiki washauri bwana harusi, niko na siri yangu, "Buy Me a Rose". Wengi hawaijui kwa sababu ni ya juzi juzi, ilifika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani mwaka 2000, Kenny akiwa na miaka 61, wakati kila mtu alishadhani mambo yake yameisha. Aliimba na Alison Krauss na Billy Dean wakimsaidia. Mwanaume anafanya kazi kwa bidii, anampa mke gereji ya magari matatu, anadhani amemaliza, na mke anachotaka ni apigiwe simu kutoka kazini, afunguliwe mlango, aletewe ua moja. Huku kwetu ambako mapenzi yanapimwa kwa ploti na mabati, huo wimbo unaingia moja kwa moja, nimeona wamama wakigeuka pamoja kuangalia meza ya waume zao.

"She Believes in Me" ya 1979 ni ya kupima mtu. Mwanamuziki anarudi usiku, mke amelala anamngoja, anaamka anamuuliza usiku ulikuwaje, na jamaa anajua amempa ahadi nyingi hazijatimia lakini bado huyo mama anamwamini. Kama bwana harusi alishapitia miaka ya kutafuta kazi na dada amesimama naye, hakuna wimbo unaoweza kuushinda huo. Kama jamaa ni tajiri wa kuzaliwa, utapita tu bila mtu kujali.

Halafu "Islands in the Stream" na Dolly Parton, 1983. Hiyo weka popote, harusi, bazaa ya kanisa, ofisini Desemba, watainuka. Kundi la Bee Gees ndio waliiandika, na Barry Gibb, mmoja wao, alikuwa studio na Kenny akiirekodi peke yake, haikai, Kenny akawa ameichoka kabisa, Barry akasema hapa anahitajika Dolly, na kwa bahati Dolly alikuwa kwenye jengo hilo hilo siku hiyo. Akaingia, basi, dunia nzima ikawa nao. Lakini kama mna bendi ya laivu au karaoke nawaomba mfanye mazoezi. Pale Dolly anapoingia kii ya wimbo, yaani ile ngazi ya sauti wimbo umekalia, inahama, kutoka C inaenda A flati, ndiyo maana ukisikiliza unahisi kama taa imewashwa. Best man na maid wengi wanaanza vizuri sana, dada akifika zamu yake anaingia na kii ya kaka, hapo ndio utaona wageni wanaanza kutafuta funguo za gari.

"The Gambler" sasa. Don Schlitz aliandika hii akiwa kijana wa miaka 23 hivi, Kenny akaitoa 1978. Treni usiku, mzee mcheza karata anamuuzia kijana ushauri kwa wiski na sigara, akimaliza kuongea anazima sigara, analala, anakufa usingizini. Naona vijana wa kubeti wameifanya wimbo wao, wanaipiga kabla ya mechi, na huku mzee anasema wazi ujue wakati wa kuondoka mezani na usihesabu pesa ukiwa bado umekaa hapo. Kwangu hii ni ya kustaafu. Mtu amefanya kazi benki au reli maisha yake yote, sasa ndio anaondoka mezani, wenzake wanaimba korasi wote wamesimama, inafaa sana. Na kwa mazishi ya mzee aliyeipenda pia inafaa, ila ulizia familia kwanza.

Jambo dogo la kiufundi. Ukidaunilodi angalia ni rekodi gani, Kenny alirudia kurekodi baadhi ya vibao vyake na hizo za baadaye zimejaa mtandaoni kwenye makusanyo ya bei rahisi, bado ni yeye lakini ngoma ni tofauti na wazee wanajua papo hapo. Hata "Ruby" ile ya kwenye albamu ya Ten Years of Gold ya 1977 si ile ya First Edition. Ukitaka zile zenyewe anza na albamu ya The Gambler, halafu ile inayoitwa Kenny ya 1979, halafu Greatest Hits ya 1980 ambayo ndiyo ina "Lady". Na ukimaliza hapo utafute Sir Elvis wetu, Elvis Otieno, anaimba kantri laivu hapa hapa Kenya, utaona hizi nyimbo bado zinafanya kazi na gita na mtu mmoja.

Swali ninaloulizwa sana na madijei wanaoanza ni hili, mzee akija na mia tano mkononi, ni mjomba wa bi harusi, anataka "Lucille" na hataki kusikia habari ya kisa? Usibishane naye mbele ya watu. Chukua mia tano, mwambie inakuja mzee wangu, halafu ngoja saa ile laini ya chakula imeshikana, kelele ni za vijiko na watoto, maharusi wamepelekwa kupiga picha kwa bustani. Hapo weka, yote, mpaka mwisho. Mzee atasimama kando ya spika na sahani yake aimbe kila neno, na shangazi hatasikia kitu.