Nambari ya Zamani Si Seva ya Zamani: Ushauri kwa Wanaotunza Seva Zao Wenyewe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malindi, anayetunza tovuti za hoteli mbili tatu za huko kwao, aliniandikia ujumbe ulioniamshia jambo nililodhani nimekwisha kulisahau. "Kaka," aliandika, "mteja wangu ameletewa ripoti inayosema Apache yetu ni ya zamani na ni ya hatari. Nambari yake ni 2.4.52, na mimi husasisha kila wiki. Ameniambia nibadilishe seva yote, au atafute mtu mwingine. Nifanyeje?" Apache ni programu ya seva ya wavuti, yaani ile inayopokea maombi ya wageni na kuwapa kurasa za tovuti. Nilimjibu kwa ufupi usiku uleule, lakini jibu hilo halikunitosha mimi mwenyewe, kwa sababu maneno hayo ya kutafuta mtu mwingine niliwahi kuambiwa hapa hapa Lamu, na mtu mwingine akatafutwa kweli.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: kukaa kwenu pwani, kuwahudumia watu mnaosalimiana nao njiani, na kuendesha seva kwa mikono yenu bila kumpigia simu mtu wa Nairobi kila jambo dogo linapoharibika. Anayetaka maisha hayo hana budi kuijua programu anayoitegemea. Apache ilianza mwaka 1995 kama mkusanyiko wa viraka, yaani vipande vya marekebisho, vilivyobandikwa juu ya seva ya wavuti ya kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, na tangu 1999 imekuwa chini ya Apache Software Foundation. Mfululizo wa 2.4 ulitolewa Februari 2012, na matoleo yake yamekuwa yakibeba mambo mawili katika mzigo mmoja: kuziba matundu ya usalama na kuleta vipengele vipya. Tangazo la toleo huandikwa karibu kwa maneno yale yale kila mara, kwamba hili ni toleo la usalama, la vipengele na la kurekebisha hitilafu, na kwamba linapendekezwa kuliko yote yaliyotangulia. Msomaji mwenye haraka huishia hapo, akaamini kwamba nambari kubwa ndiyo salama na nambari ndogo ndiyo hatari.

Imani hiyo ndiyo iliyoninyima kazi. Mwaka 2021 nilikuwa nikitunza tovuti ya nyumba moja kubwa ya wageni kule Shela, pamoja na mfumo wake wa kupokea maombi ya vyumba, juu ya mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04 wenye Apache 2.4.41. Mwenye nyumba alikuwa mzee niliyemheshimu, naye aliniita mwanangu. Mwezi wa Septemba alitembelewa na mtaalamu kutoka mjini, ambaye aliielekezea seva yetu programu ya ukaguzi na kumtolea mzee ripoti nene yenye maandishi mekundu kila ukurasa. Programu ile haikuwa imejaribu kufungua chochote. Ilisoma nambari ya toleo ambayo seva huitaja yenyewe, ikailinganisha na orodha ya udhaifu uliowahi kutangazwa, kisha ikaandika kila udhaifu uliozibwa katika nambari za juu yake kana kwamba umo ndani ya seva. Mzee aliniita barazani, akaninywesha kahawa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kazi yako njema, lakini umepitwa na wakati." Nilijaribu kumweleza. Nilikuwa na maelezo kamili mkononi, nimeyachapisha, lakini ripoti ya mgeni ilikuwa na rangi na yangu haikuwa nayo.

Maelezo niliyotaka kumpa mzee ndiyo haya. Wanaotengeneza Ubuntu hawabadilishi nambari ya Apache katikati ya maisha ya mfumo wao. Toleo linaloingia siku mfumo unapozaliwa ndilo linalobaki, na tundu linapogunduliwa, huchukua marekebisho ya tundu hilo peke yake na kuyapandikiza katika msimbo wa toleo lile la awali. Kwa njia hiyo mteja hupata usalama bila kupata vipengele vipya ambavyo hakuviomba na vinavyoweza kumvunjia mipangilio. Ukiandika amri apache2 -v utaiona nambari ya zamani katika mstari wa kwanza, lakini mstari wa pili unakuambia programu ilijengwa lini, na tarehe hiyo inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Ukiandika dpkg -l apache2 utaona mkia mrefu baada ya nambari, na mkia huo ndio unaosonga mbele kila kiraka kinapoingia. Ukiandika apt changelog apache2 utasoma kila udhaifu uliozibwa, kwa jina lake na tarehe yake. Mpe mteja wako karatasi hiyo. Usimpe maneno matupu, na usingoje mpaka awe ameletewa ripoti ya mtu mwingine.

Yule mtaalamu aliihamisha tovuti kwenye seva mpya na kujenga Apache kutoka msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyotolewa na watengenezaji wake, toleo 2.4.49, lililokuwa limetoka mwezi ule ule. Lilikuwa ndilo jipya kuliko yote duniani, na mzee alifurahi. Sikupendezwa, ila nilinyamaza.

Sasa ni lazima nieleze kilichokuwa ndani ya toleo hilo, maana ndicho kiini cha ushauri wangu wote. Anwani ya wavuti inaweza kuwa na nukta mbili zinazofuatana, ambazo kwa kompyuta maana yake ni kupanda folda moja juu. Seva yoyote yenye akili huzikataa nukta hizo zinapotaka kumtoa mgeni nje ya eneo lililotengewa tovuti. Nukta, hata hivyo, inaweza kuandikwa pia kwa alama %2e. Katika 2.4.49 msimbo wa kusafisha njia za anwani ulikuwa umeandikwa upya, na msimbo huo mpya uliziona nukta mbili zilizoandikwa wazi lakini haukuiona ile ya pili ilipovaa sura ya %2e. Mtu yeyote aliyeko popote aliweza kuandika anwani yenye nukta hizo na kupanda hadi nje ya folda za tovuti, akasoma faili ambazo hazikukusudiwa kusomwa. Na palipokuwa na moduli ya CGI iliyowashwa, yaani kipande kinachoiruhusu seva kuendesha programu nyingine, aliweza hata kuendesha amri zake mwenyewe. Katika orodha ya kimataifa ya udhaifu ulipewa jina CVE-2021-41773. Marekebisho yalitolewa tarehe 4 Oktoba 2021 katika 2.4.50, nayo yakaonekana hayatoshi, kwa kuwa alama ile ile ikifichwa mara mbili ilipita tena. Tarehe 7 Oktoba, siku tatu tu baadaye, ikatoka 2.4.51. Tundu la kwanza lilikuwa katika 2.4.49 peke yake, na la pili katika 2.4.49 na 2.4.50 tu. Ile 2.4.41 yangu, iliyoitwa ya zamani, haikuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Mwezi huo haukuisha kabla kijana wa mzee hajaja kwangu Langoni akiwa na kumbukumbu za seva, yaani orodha ya maombi yote iliyoyapokea, katika flashi. Tuliketi tukazifungua. Mistari ilikuwa mingi na yote ilifanana: /cgi-bin/.%2e/%2e%2e/%2e%2e/, kisha njia ya faili fulani. Mistari kama hiyo ilikuwapo pia katika seva zangu nyingine, kwa kuwa wiki zile kulikuwa na watu wakipita dunia nzima wakigonga kila seva, ila kwangu kila ombi lilikuwa limekataliwa. Katika seva ya mzee, mwishoni mwa mistari kadhaa palikuwa na 200, nambari ambayo seva huiandika inapompa mgeni alichokiomba, na baada yake ukubwa wa faili aliyopewa. Mojawapo ilikuwa faili ya mipangilio yenye nenosiri la hifadhidata. Siku hizo hizo wageni waliokuwa wamekwisha lipia vyumba walikuwa wakipokea barua pepe za kuwataka walipe tena, kwa akaunti nyingine. Nilimweleza kijana nilichokiona, nikamwandikia la kufanya, wala sikumdai shilingi. Mzee hakunipigia simu. Tunakutana njiani tunasalimiana kama ada, na hadi leo hajaligusia jambo lile, nami sikufichi kwamba linaniuma.

Nisije nikaonekana nasema kwamba kusasisha ni kosa, kwa maana si hivyo hata kidogo. Toleo hilo hilo la 2.4.49 lilikuwa limeziba udhaifu mbaya katika moduli ya mod_proxy, inayopitisha maombi kwenda seva nyingine, na aliyeitumia moduli hiyo akakaa bila kiraka alikuwa hatarini kweli kweli. Ubuntu waliuziba udhaifu huo katika 2.4.41 yao mwezi ule ule, bila kugusa nambari. Wala toleo jipya peke yake halikutosha kumfungulia mdukuzi. Mipangilio ambayo Apache huja nayo ina mistari michache inayoifunga diski nzima kwanza, yaani sehemu ya Directory yenye maneno Require all denied, kisha folda ya tovuti peke yake ndiyo inayofunguliwa. Palipokuwa na mistari hiyo, faili zilizokuwa nje hazikusomeka hata kwa 2.4.49. Seva ya mzee haikuwa nayo. Mtu alikuwa ameibadilisha, bila shaka ili kitu fulani kilichokataa kufanya kazi kikubali, na hakuna aliyeirudisha. Ndugu zangu, mstari unaokuzuia una sababu yake. Usiufute kabla hujajua unazuia nini, na kama ni lazima ufungue, fungua folda moja na uache nyingine zote zimefungwa.

Upande wa vipengele vipya, mimi si mtu wa kuvikataa. HTTP/2, njia mpya zaidi ya kivinjari na seva kuzungumza, iliingia Apache katika 2.4.17 mwaka 2015, na kwa mtu wa Lamu ambaye seva yake iko Ulaya faida yake huonekana kwa macho, kwani picha zote za ukurasa hupita katika muunganisho mmoja badala ya kila moja kungoja zamu. Nilipotaka kuiwasha nilikuta haiwaki kwa kuondoa alama ya reli (#) katika mstari mmoja. Tangu 2.4.27 haifanyi kazi pamoja na mtindo wa prefork, ambao kila muunganisho huhudumiwa na mchakato wake, na PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, ikipachikwa ndani ya Apache huutaka mtindo huo huo. Ilinibidi niihamishe PHP iende PHP-FPM, inayoendeshwa peke yake nje ya Apache, kisha niihamishe seva iende katika mtindo mwingine uitwao event, ndipo HTTP/2 ikasimama. Hiyo si kazi ya usiku mmoja mwezi wa Desemba nyumba zikiwa zimejaa wageni. Niliifanya wakati wa masika, Shela ikiwa kimya na hoteli nyingi zimefunga, na hata zingeharibika kurasa mbili tatu nisingemkosesha mtu riziki. Kumbukeni pia kwamba kipengele kipya huja na matundu yake: Oktoba 2023 njia ya kufungua na kufuta maombi ya HTTP/2 kwa kasi ilitumiwa kuzilemea seva za kila aina, na Aprili 2024 Apache ilitoa 2.4.59 kuziba njia nyingine ya kuijaza kumbukumbu ya muda (RAM) ya seva kupitia HTTP/2 hiyo hiyo. Asiyeihitaji aizime.

Kwa hiyo mimi hugawa mambo mawili ambayo tangazo limeyafunga pamoja. Kiraka cha usalama hakingoji msimu. Hukiweka siku ile ile, baada ya sala ya Alfajiri, saa ambazo maombi ya vyumba kutoka Ulaya yametulia na hapa kwetu watu hawajaanza shughuli. Kipengele kipya hungoja mvua. Kabla ya kugusa chochote nanakili folda nzima ya /etc/apache2, yenye mipangilio yote, kisha naandika apachectl configtest, na sisongi mbele mpaka inijibu kwamba sintaksia, yaani uandishi wa mipangilio, ni sawa. Lipo jambo moja dogo ambalo nimeona hata wenye uzoefu wakiteleza: amri ya graceful, inayowasha seva upya bila kuwakatiza wageni, inafaa unapobadilisha mipangilio, lakini haiingizi programu mpya, kwa kuwa mchakato mama unabaki ule ule wa zamani katika RAM. Baada ya kiraka, au baada ya OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, kusasishwa, simamisha seva kabisa kisha uiwashe. Wageni watakatizwa kwa sekunde chache. Wavumilie.

Basi nimrudie ndugu yangu wa Malindi. Toleo lako la 2.4.52 ni la Ubuntu 22.04, ambayo inaungwa mkono hadi 2027, na kama kweli unasasisha kila wiki, una viraka vyote ambavyo Ubuntu wamevitoa. Mchapishie mteja wako ule mstari wa tarehe ya kujengwa na orodha ya marekebisho, weka alama kwenye kila udhaifu ulioandikwa katika ripoti yake, na umwombe aliyeiandika aonyeshe hata mmoja unaofanya kazi juu ya seva yenu. Ukipenda, andika ServerTokens Prod katika mipangilio ili seva isitaje nambari yake kwa kila mpita njia. Mdukuzi hazuiliki kwa hilo, ila hizo programu za ukaguzi zitakosa cha kuandika. Lakini hoja hii ina mwisho wake, nawe usiitumie kupita mwisho huo. Viraka hupandikizwa kwa muda tu ambao mfumo unaungwa mkono. Ubuntu 20.04 yangu ilifika kikomo chake cha kawaida mwaka 2025, nami nilikuwa nimekwisha hamia 24.04, yenye 2.4.58, kabla ya siku hiyo. Yako ina hadi 2027, na uhamisho wa namna hiyo hugusa PHP, hifadhidata na vyeti vya HTTPS vyote kwa pamoja, kwa hiyo mwambie mteja wako mapema kwamba utaufanya katika masika ya kabla ya mwisho huo, na mkubaliane bei yake sasa.