Maswali ya Wasomaji: Wageni wamefika, kanisa lianzie wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, kanisa letu liko kijijini. Tumepokea familia sita zilizokimbia vita, watu 34, na sasa wanalala kanisani. Wazee wa kanisa wanataka kuwagawia shamba letu wajenge na kulima. Tuanze na nini?
*Mzee wa kanisa*

Jibu: Mzee wetu, shamba lisubiri kidogo. Ulizeni kwanza kama wamevuka mpaka wa nchi. Waliovuka wanaweza kulindwa na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, lakini waandikishwe na serikali au UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na nchi kadhaa hudai kibali kabla mkimbizi hajaishi nje ya kambi. Waliohama ndani ya nchi yao ni raia kamili. Kinachowakwamisha mara nyingi ni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vilivyopotea njiani. Kwa vyovyote, uongozi wa kijiji ujue mapema.

Pili ni maji. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hufuata duniani, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku: watu wenu 34 wanahitaji lita 510, yaani madumu 26 ya lita 20. Ikiwa foleni kisimani tayari inapita nusu saa, ongezeni chanzo kabla hawajahamia, maana ugomvi wa kwanza huzukia pale pale. Choo kimoja kisizidi watu 20, ingawa choo kwa kila familia hutunzwa vizuri zaidi. Shimo la choo liwe zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, na sakafu yake ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kulala, kila mtu apate mita za mraba 3.5, familia ya watu sita ni mita 21.

Sasa shamba. Je, lilitolewa kwa mdomo na ukoo fulani zamani? Basi waiteni wanaukoo. Ardhi iliyolala pori huonekana haina mwenyewe mpaka ianze kulimwa. Hapo wajukuu wa mtoaji hujitokeza. Andikeni mkataba: mipaka, muda, nani mwenye miti itakayopandwa, na mazao yatakuwa ya nani familia ikiondoka katikati ya msimu. Mume na mke watie sahihi wote wawili, ili mmoja akifariki au kuondoka, mwenzake asifukuzwe. Mkataba wa mwaka mmoja hausaidii: hakuna anayetia samadi kwenye udongo atakaonyang'anywa kesho.

Swali: Wenyeji wananung'unika kwamba wageni wanapendelewa. Pia baadhi yetu wanataka anayepewa mbegu ahudhurie ibada. Mnasemaje?

Jibu: Ibada isiwe sharti hata kidogo. Kanuni za maadili ya misaada za mwaka 1994, za Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya serikali, zinakataza kutumia msaada kueneza dini, na mtu mwenye njaa ataitikia chochote. Manung'uniko yana msingi: tengeni sehemu ya mbegu na majembe kwa kaya maskini za wenyeji, kwa vigezo vile vile. Vigezo vibandikwe ubaoni. Majina ya wageni msiyabandike; huenda wengine bado wanatafutwa na waliowafukuza.