Maswali yenu wiki hii: Wajerumani, mkasi na vinanda

Tangu nigusie Kraftwerk, ile bendi ya Wajerumani ya muziki wa mashine, mwezi uliopita inboksi imejaa, na nusu ya meseji ni swali lile lile limevalishwa nguo tofauti. Leo najibu niliyoyapenda. Wale wa "nitumie linki ya kudownload" msisubiri.

Eti Kraftwerk ndo waanzilishi wa muziki wa elektroniki duniani? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana, na hii ni mara ya nne najibu. Ralf Hütter na Florian Schneider wameanzisha Kraftwerk 1970 pale Düsseldorf. Wakati huo, mwendo mfupi tu kwa treni, pale Köln, redio ya WDR ilikuwa na studio ya muziki wa elektroniki tangu 1951, chini ya Herbert Eimert, na 1953 akaingia kijana anaitwa Karlheinz Stockhausen. Na hata hao nao walikuta watu, maana Berlin 1930 Friedrich Trautwein alishatengeneza Trautonium, chombo cha umeme ambacho Oskar Sala alikipiga maisha yake yote, zile kelele za ndege kwenye filamu ya Hitchcock ya 1963 ni yeye na mtambo wake, wala sio ndege.

Sasa ngoja nikueleze kazi ya Köln ilivyokuwa, maana watu mnaongea tu. Hakukuwa na kinanda. Kulikuwa na jenereta za mlio, vifaa ambavyo mafundi wa redio walikuwa wanapimia mitambo, vinatoa sauti moja kavu kama ile ya TV zamani ikishafunga matangazo. Unarekodi hiyo sauti kwenye kanda, unachukua mkasi, unakata kipande, unakiunga na kingine, halafu kingine, siku nzima. Kanda ilikuwa inakimbia sentimita 76 kwa sekunde, yaani sekunde moja ya muziki ni kipande cha kuanzia begani kwako mpaka kwenye vidole. Nota za Studie II ya Stockhausen, kazi ya 1954, urefu wa milio umeandikwa kwa sentimita, jamani, kama vipimo vya fundi cherehani! 1956 akatoa Gesang der Jünglinge, dakika kama 13 hivi, sauti ya mtoto wa kiume imekatwakatwa ikachanganywa na milio ya mashine halafu inatoka kwenye spika zilizowazunguka watu ukumbini. Ukiisikiliza usiku peke yako utawasha taa.

Wawili kati ya wanafunzi wa Stockhausen, Holger Czukay na Irmin Schmidt, ndo baadae wakaunda bendi ya Can hapo hapo Köln. Kwa hiyo ukitaka kutafuta mzizi chimba huko, usiishie kwenye ile picha ya Kraftwerk, watu wanne wenye mashati mekundu na tai nyeusi.

Kaka hao Kraftwerk si wanasimama tu pale kompyuta inapiga yenyewe? Huo nao ni usanii? (Msomaji, Arusha)

Nilijua tu utakuja.

Computerwelt ya 1981, albamu nzima inaimba habari za kompyuta, imetengenezwa bila kompyuta, Hütter amelisema hilo mwenyewe. Kwenye ule wimbo wa kikokotoo kuna mlio unatoka kwenye kimashine cha kuchezea watoto chenye jina la Bee Gees, unajua maana yake nini, maana yake jamaa walikuwa wanapita madukani wanaangalia kitu gani kinalia vizuri.

Na ngoma je? Ile ya kwao ya umeme waliitengeneza wenyewe, ni sahani za chuma zimepangwa kwenye ubao, unashika fimbo ya chuma yenye waya, ukigusa sahani saketi inafunga, sauti inatoka. Ndani yake kulikuwa na ile mashine ya midundo ya wapiga ogani wa kumbini, unabonyeza bosanova inajipigia harusini, wakaifungua tumbo wakachomoa sauti moja moja. Wolfgang Flür alikuwa mpiga dramu wa kweli, baadae Karl Bartos amesomea pakashini, yaani upigaji ngoma, darasani. Hao ndo unaosema wamesimama tu.

Kidogo nikubaliane na wewe: shoo za sasa, wanne mezani na taa za 3D nyuma, kweli huwezi kujua nani anafanya nini. Hapo una haki ya kuuliza. Ila usichukue shoo ya leo ukahukumu kazi ya 1974.

Na mkiwa mnagawa sifa, Autobahn, albamu yao ya huo huo 1974 yenye wimbo wa dakika 22 na zaidi, injinia wake ni Conny Plank, ambaye pia karekodi bendi za Neu! na Cluster na DAF, amefariki 1987 na mpaka leo mtu anakuandikia makala ndefu ya muziki wa Ujerumani hamtaji. Sisi huku tunajua sana hii tabia, muulize prodyuza yeyote wa Bongo fleva ya zamani alilipwa nini.

Kraftwerk maana yake nini? (Msomaji, Dodoma)

Kituo cha kufua umeme. Kama Kidatu, kama Mtera.

Kwa nini wanaita Krautrock? Mi naona linavutia, nataka niite bendi yetu hivo. (Msomaji, Mombasa)

Usithubutu. Kraut ni kabichi ile ya kuchachusha, na ni neno ambalo Waingereza na Wamarekani walikuwa wanawatukania Wajerumani wakati wa vita. Magazeti ya muziki ya Uingereza yakalibandika kwenye bendi za Ujerumani za miaka ya 70, wenyewe wengi hawakulipenda, ila bendi ya Faust 1973 wakaupa wimbo wao jina hilo hilo, kwa kejeli. Mjerumani akijiita hivo ni utani wake. Wewe wa Mombasa tafuta jina lako.

I Feel Love ni ya Donna Summer, Mmarekani. Mbona unaiweka Ujerumani? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu imetengenezwa München, 1977, studio za Musicland. Ila unanipa nafasi nzuri. Prodyuza Giorgio Moroder ni Muitaliano, mwenzake Pete Bellotte Muingereza, Donna alifika Ujerumani na kundi la maigizo ya muziki akabaki. Mjerumani ninayetaka umjue hapo ni Robby Wedel, fundi aliyekuja na lile Moog, mtambo wa kutengeneza sauti kwa umeme, kubwa kama kabati la vyombo, halikuwa hata la Moroder, lilikuwa la mtunzi Eberhard Schoener. Wedel ndo alijua namna ya kulifunga Moog na kanda vikatembea pamoja bila kupishana.

Na lile Moog lilikuwa linahama tuni likipata joto, kwa hiyo walikuwa wanarekodi vipande vya sekunde chache, wanasimama, wanatuni upya, wanaendelea. Ile besi unayoisikia inakimbia vile, nusu yake ni mwangwi: noti iko upande mmoja, mwangwi wake unajibu upande wa pili. Ukivaa earphone ukatoa upande mmoja, mbio zinapungua, jaribu sasa hivi. Kila kitu ni mashine isipokuwa sauti ya Donna na kiki ya dramu, kiki kapiga Keith Forsey kwa mguu wake. Ndugu yangu wa Arusha umesoma hapo?

Tangerine Dream na Kraftwerk nani zaidi? (Msomaji, Mwanza)

Hii sio Simba na Yanga. Ila Phaedra, albamu ya Tangerine Dream ya 1974, isikilize ukiwa umelala chali.

Nasikia hiphop na tekno zote zimetoka kwa Wajerumani. Sio wazungu kujipa sifa ya kazi ya watu weusi tena? (Msomaji, Kampala)

Swali bora wiki hii, na nalijibu kwa urefu maana pande zote mbili mnakosea.

Kwanza ukweli usiokwepeka. 1982 New York, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wanatoa Planet Rock, melodi imetoka Trans-Europe Express, mdundo unafuata Numbers, vyote vya Kraftwerk. Hawakukata kipande cha rekodi, John Robie aliipiga upya kwenye kinanda na ngoma zikatoka kwenye Roland 808, mashine ya Kijapani. Detroit nako kulikuwa na mtangazaji wa redio anaitwa Electrifying Mojo, huyo alikuwa anapiga Kraftwerk, Prince na Parliament usiku mmoja bila kumuomba mtu msamaha, na waliokuwa wanasikiliza ni vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Atkins na Rik Davis wakaunda Cybotron, 1981 wana Alleys of Your Mind tayari. Derrick May mwenyewe ndo alisema tekno ni kama George Clinton na Kraftwerk wamekwama kwenye lifti moja.

Ila soma sentensi hiyo tena. George Clinton, mzee wa fanki wa Parliament, yumo. Na Bartos amekiri kwamba wao Düsseldorf walikuwa wanasikiliza James Brown, kwa hiyo fanki ilivuka bahari ikarudi imevaa suti. Kusema "Wajerumani waligundua tekno" ni uvivu. Na jina lenyewe tekno limeenea duniani kwa mkusanyiko wa nyimbo za Detroit uliotoka Uingereza 1988, sio Berlin.

Berlin imekuja baadae. Ukuta umeanguka Novemba 1989, upande wa mashariki majengo matupu hayana mwenyewe, Machi 1991 ikafunguliwa klabu ya Tresor kwenye vyumba vya kuhifadhia pesa chini ya duka kubwa la zamani la Wertheim, makasha ya chuma yenye kutu yalikuwa bado yako ukutani. Na rekodi ya kwanza ya lebo yao ilikuwa ya nani? X-101, vijana wa kundi la Underground Resistance, Detroit. Wenyewe Tresor hawajawahi kuficha. Halafu 2024 tekno ya Berlin ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni, ile ya utaratibu wa UNESCO, sawa, hongera, ila mimi pale ningeandika Berlin na Detroit kwenye mstari mmoja.

Mi ni prodyuza, nimechukua sekunde mbili tu za wimbo wa zamani, hawawezi kunifanya kitu si ndio? (Msomaji, Tabata)

Sekunde mbili! Umechagua namba mbaya sana. 1997 prodyuza wa Ujerumani Moses Pelham alichukua kama sekunde mbili za Metall auf Metall ya Kraftwerk, akazizungusha kwenye wimbo wa Sabrina Setlur. Hütter na Schneider wakashtaki. Kesi imepanda na kushuka zaidi ya miaka ishirini, 2016 ilikuwa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema hata kipande kifupi sana mwenye rekodi anaweza kukizuia, labda ukigeuze mpaka sikio lisikitambue. Hiyo ni sheria ya huko, ya kwetu kamuulize wakili, ila usiniambie "sekunde mbili tu". Na wewe ninavyokujua umechukua taarabu ya bibi wa watu ambaye hajawahi kupewa hata nauli.

Singeli imetokana na tekno ya Ujerumani? (Msomaji, Ubungo)

Hapana. Imetoka uswahilini, kwenye mchiriku na vinanda vidogo vya Casio na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa. Wazungu walianza kuisikia kwa wingi 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Mburahati, na sasa madj wetu wanapanda ndege kwenda kupiga huko. Kufanana kupo, ni kasi na mashine ya bei rahisi iliyolazimishwa kufanya isichotumwa. Kufanana sio kuzaa.

Nimepata albamu ya Neu! 2 ila fail ni bovu, upande wa pili nyimbo zinakimbia kama chipmunk halafu nyingine zinaburuta. Nipate wapi nzima? (Msomaji, Morogoro)

Hahaha. Hilo fail ni zima. Michael Rother na Klaus Dinger, wote waliwahi kupita Kraftwerk, walikuwa wanarekodi hiyo albamu ya 1973 pesa ikawaishia upande mmoja ukiwa tayari. Wakachukua singo yao ya Neuschnee na Super, wakaiweka kwenye playa ya santuri wakaicheza kwa spidi ya 16, ya kuburuta, kisha ya 78, ya kukimbia, wakarekodi hivo hivo wakajaza upande wa pili. Kuna waliolalamika wameibiwa. Usifute.