Yule wa Kwanza au Huyu wa Leo?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Umeitwa usaili wa mara ya pili wa kazi ya umeneja, utajiandaaje?", nimelisoma kwenye daladala nikacheka peke yangu hadi konda akanigeukia. Mngeuliza kwanza kama kuna haja. Nafasi za umeneja zikifika usaili wa pili, mara nyingi kiti kina mwenyewe. Sisi wengine tunaitwa kusindikiza.

Nasema kwa uchungu. Mwaka 2024, treni ya SGR ikiwa na miezi michache tu tangu ianze kubeba abiria, niliitwa Morogoro na SACCOS moja, jina naliacha, iliyokuwa inatafuta meneja. Mimi ni afisa mikopo wa siku nyingi. Usaili wa kwanza ulikuwa na watu watatu na maswali ya kawaida. Wa pili ulikuwa mbele ya bodi nzima, maana kwenye chama cha akiba na mikopo meneja huajiriwa na bodi, na bodi ni wanachama wenyewe: mwalimu mstaafu, mama wa duka la pembejeo, wakulima. Hao hawana shida na fomula zako za riba. Wanataka kujua kama hela yao ikiwa mikononi mwako watalala usingizi.

Na nilijiandaa, msije mkadhani. Niliisaka taarifa ya mkutano wao mkuu mpaka nikaipata. Mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, ilikuwa imepita mbali asilimia 5, ambayo kwetu sisi wa mikopo ikivukwa vikao haviishi. Nikaona na sababu. Wanachama wengi ni wakulima wa miwa, na mkulima wa miwa hana tarehe 30. Hela yake huja kiwanda kikishapokea miwa yake, na masika yakikolea magari hayaingii shambani. Ukimdai huyo kila mwisho wa mwezi, deni bovu umelitengeneza mwenyewe. Nikaenda na hoja moja: marejesho yapangwe upya, yafuate msimu.

Nikashuka Kihonda, nikachukua bodaboda, bahasha ya kaki kifuani. Chumba kilikuwa kidogo, feni inalia kwikwi. Mwenyekiti, mzee wa barakashia, ambaye hata mara ya kwanza alikuwepo, alikuwa na kaunta buku iliyokunjika kona zote. Nikamwaga hoja yangu. Mama wa pembejeo akawa anaitikia kwa kichwa, nami nikaanza kujiona nimeshakalia kiti. Nilipomaliza, mzee akalowesha kidole, akafunua kurasa kurudi nyuma, moja moja, bila haraka yoyote.

"Binti, siku ile nilikuuliza habari ya wadaiwa sugu. Ulijibu, 'Siku saba zikipita naita wadhamini.' Nimeandika hapa. Leo unasema tuwasubiri msimu. Sasa tumwajiri yupi, yule wa kwanza au huyu wa leo?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: mzee, siku ile sikuwa nimesoma taarifa yenu, sasa nimeisoma. Basi, yangeisha. Badala yake nikasema, "Sidhani kama nilisema hivyo, mzee."

Yaani nimemwambia mzee wa watu, mbele ya bodi yake, kwamba daftari lake linasema uongo! Hakukasirika. Alilifunga taratibu, akaweka kalamu juu yake. Mama wa pembejeo akageukia dirishani kutazama Uluguru.

Yaliyofuata yalikuwa ya adabu tu. Kwenye mshahara nikataja 1,800,000. Mhasibu akauliza, kabla ya makato au mkononi? Sikuwa nimepiga hesabu. Toa asilimia 10 ya NSSF, toa kodi, inabaki 1,300,000 na ushee. Nikababaika kama mwanafunzi.

Kazi akapewa kijana mmoja, na baadaye nikasikia ni mpwa wa mjumbe wa bodi. Tangu hapo wimbo wangu ni huo: walikuwa na mtu wao. Ila kuandika haya kumenitia mashaka. Kama kiti kilikuwa na mwenyewe, mzee alikuwa anahangaika nini kunakili majibu ya msindikizaji? Na yule mpwa, najua na hili linaniuma kulisema, bado yupo pale na chama hakijafa.

Kwa hiyo jibu langu, kwa shingo upande: jiandae, na uanze na maneno yako mwenyewe. Ukitoka usaili wa kwanza, hata hujapanda gari, andika uliyojibu. Ukiwa umebadili mawazo, sema umebadili na kilichokubadilisha. Ulizia mapema watakaokaa mezani ni akina nani. Mshahara upigie hesabu mpaka wa mkononi. Kama kweli kuna mpwa, haya yote hayatakusaidia na nauli imekwenda. Na nazungumzia vyama hivi vyetu. Usaili wa serikalini una mambo yake, siuingilii.

Mnaniona nimelivalia njuga swali lenu. Ni kwamba Alhamisi ijayo nimeitwa tena, chama kingine, mara ya pili. Safari hii niliandika kila kitu nikiwa bado kituoni, isipokuwa swali moja, la watumishi wazembe. Nilijibu kwa kirefu, wakaitikia kwa vichwa wote, na mpaka leo sikumbuki nilisema nini.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam