Anategemea kunyongwa? Aegemee wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Hapa Magomeni, Mtwara, kuna kibanda umiza, na juzi tuliangalia muvi ya jela iliyotafsiriwa. Dijei anayeitafsiri mara aseme "jela hili", mara "gereza hili". Mwenzangu anadai jela ni ya mahabusu na gereza ni la wafungwa. Tumebishana mpaka usiku. Kipi sahihi? Halafu yule jamaa aliyekuwa anategemea kunyongwa alfajiri hakuonyeshwa mwisho wake, au muvi ilikatwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. La jela na gereza nitalimaliza haraka, maana kuna kitu kingine kwenye barua yako kimenitibua nyongo.

Jela tumeipata kwa Waingereza. Gereza limetoka kwa Wareno, ambao neno lao hilo, igreja, ni kanisa. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani utaikuta ngome ya kale iliyobomoka, nayo inaitwa Gereza mpaka leo. Maana ya maneno hayo sasa ni moja, ila ngeli ni mbili: jela hii, gereza hili. "Jela hili" ya dijei wako ni kosa. Mtu atahukumiwa miaka thelathini jela, lakini akipelekwa anapelekwa Gereza la Lilungu. Kibao cha "Jela ya Lilungu" hujakiona wala hutakiona. Mwenzako naye hajapatia. Mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaisha, mfungwa ameshahukumiwa, na wote wawili wanaweza kulala gereza moja.

Sasa nipe huyo jamaa "aliyekuwa anategemea kunyongwa".

Kutegemea ni kuweka uzito wako juu ya kitu ili usianguke. Ni neno la Kibantu, jirani wa egemea. Bibi anategemea mkongojo, mtoto anategemea wazazi, paa linategemea nguzo. Ndipo tulipompata mtegemezi na tegemeo. Je, kitanzi kimemsaidia nini huyo mfungwa hata akitegemee? Ukikiondoa ataanguka? Nijuavyo mimi, ukikiondoa ataruka ruka kwa furaha.

Najua hukulianzisha wewe. Kila siku naambiwa redioni kwamba mgeni rasmi "anategemewa" kuwasili saa nne. Asipowasili, sijui turubai litatuangukia. Mjamzito naye "anategemea" kujifungua mwezi ujao. Hayo nimeyameza. Kilichonishinda nilikisikia kwenye mkutano wa wakulima, huku huku kwetu Kusini. Bwana mmoja alishika kipaza sauti akatamka, tena kwa madaha: "Msimu huu tunategemea ubwiriunga kwa wingi."

Kwa msomaji wa mbali: ubwiriunga ni ugonjwa wa mkorosho. Ni ukungu mweupe kama unga, hukaa juu ya majani machanga na maua, maua yakanyauka kabla hayajawa korosho. Watu hununua salfa msimu hadi msimu kupambana nao. Mkulima wa Newala au Tandahimba anategemea korosho, na hapo kitenzi kimekaa mahali pake: korosho ndiyo bati, ndiyo ada ya mtoto, ndiyo harusi, mwondolee uone kama hataanguka. Bwana yule, kwa kitenzi kilekile, alitutegemeza kwenye gonjwa linaloiua hiyo korosho. Watu walitikisa vichwa kukubali! Nami nikadhani amemaliza, kumbe bado: "Pia tunategemea bei itapanda mnadani." Bei ya mnadani watu huitumaini. Hakuna awezaye kuitegemea, muulize yeyote aliyekopa akisubiri korosho zake ziuzwe.

Na si kwamba maneno yametuishia. Kutarajia kumetoka Uarabuni, na ndani yake mna raja, yaani tumaini, kwa hiyo mwachie mjamzito na mfungwa anayekaribia kuachiwa. Kutazamia ni kukodoa macho njiani, kijacho kiwe kheri au shari, na ubwiriunga ulistahili hilo. Unayemtumaini hujui kama atakuja. Unayemngoja unajua, ila saa yake haijafika.

Filamu za gereza ndizo hasa zisizovumilia mchanganyo huu, kwa kuwa mle ndani mtu hana mali nyingine ila hayo anayoyatumaini na hayo anayoyangoja. Chukua The Shawshank Redemption ya 1994. Usiku wa kwanza mfungwa mgeni analia, mkuu wa askari anamtoa nje na kumpiga rungu hadi hajiwezi, asubuhi habari ni kwamba amekufa. (Nimemsikia dijei akisema hapo "kala kichapo", kama timu iliyofungwa tatu bila.) Baadaye mfungwa Red anamwonya mfungwa mwenzake Andy kwamba tumaini ni kitu cha hatari, laweza kumtia mtu wazimu. Jaribu kuweka "tegemeo" hapo uone sentensi inavyokufa. Andy hakuonyeka. Miaka karibu ishirini yuko na kinyundo kidogo, na ule ukuta hakuuegemea, aliutoboa.

Halafu kuna mzee Brooks, mtunza maktaba, aliyekaa ndani miaka hamsini. Siku anapoambiwa ameachiwa anamshikia mwenzake kisu shingoni, ili tu asitolewe. Red anawaeleza wenzake: kuta hizi mwanzo unazichukia, kisha unazizoea, mwisho unazitegemea. Unazitegemea! Hapo kitenzi kimefika nyumbani. Mzee aliondolewa ukuta wake, akaanguka. Alipangiwa chumba mjini, akajinyonga humo. Hata yeye kamba hakuitegemea.

Basi, hukumu. Mgeni rasmi na mvua za kesho wategemeeni mtakavyo, nimechoka, na wanaosema hivyo wamo waliosoma kunipita. Huenda wajukuu zangu wakaniona mimi ndiye mkorofi. Lakini penye ubwiriunga na penye kitanzi siachii. Jamaa wako alikuwa anangoja kunyongwa. Na kama muvi yenyewe ilikuwa The Green Mile ya 1999, hata kunyongwa hamna, mle ni kiti cha umeme. Ulimi wetu hukimbilia kamba kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa katika sheria ya kwetu. Mwambie dijei "anangoja" ni silabi nne na "anategemea" ni sita, naye kila siku analalamika kwamba wazungu wanaongea upesi mno.

Kuhusu mwisho wa muvi kukatwa, muulize mwenye kibanda. Yeye ndiye anayeshika rimoti.