Jibu: Elimu ya kiklasiki ya Kikristo nyumbani, lazima nimtoe mtoto shule?

Dada wa Igoma, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: umtoe binti yako darasa la tatu ili umfundishe nyumbani kwa mtindo wa kiklasiki wa Kikristo? Ununue mtaala wa Marekani unaouzwa kwa dola? Na Kilatini, lugha ya kale inayofundishwa kwenye mtindo huu, utakitoa wapi? Mimi ni mama wa watatu hapa Kitangiri, Mwanza, na mtindo huo tunao nyumbani miaka sasa.

La kwanza halina mjadala mrefu. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Usimtoe kimyakimya ukaja kujieleza kwa mtendaji. Wangu wanaenda shule kama wenzao. Ya nyumbani tunafanya jioni na Jumamosi. Wapo watakaosema hiyo siyo elimu ya nyumbani kamili. Sawa, jina wabaki nalo.

Mtindo wenyewe una hatua tatu: sarufi, mantiki (kufikiri kwa hoja) na balagha (ufasaha wa kusema na kushawishi). Ni za zamani sana, ila Dorothy Sayers, mwandishi wa Uingereza, katika hotuba yake ya Oxford mwaka 1947 alizioanisha na umri wa mtoto. Mdogo ni kasuku, anafurahia kukariri. Akikaribia kubalehe anakuwa mbishi, basi mfundishe kubisha kwa hoja. Akiwa kijana anataka kusema yake, mfundishe kuyasema vizuri. Wakristo wengi wa Marekani waliofufua elimu hii wamejenga juu ya hotuba hiyo. Ukishaelewa mpangilio, sanduku la vitabu vya dola liache hukohuko dukani.

Binti yako bado kasuku, kwa hiyo mjaze. Sisi tunakariri mikono ikiwa kazini. Mwanangu mdogo anachambua dagaa kwenye ungo, mimi naanza, "Heri mtu yule asiyekwenda katika shauri la wasio haki," yeye anaendelea. Alipofika "barazani pa wenye mizaha" alicheka akauliza kama ni kile kijiwe cha bodaboda. Tukaiacha Zaburi kwanza, tukajadili kijiwe. Baada ya hapo jedwali la saba, kisha vitendawili, maana bila vitendawili hatulali.

Wa pili ndiye mbishi. Dagaa walipopanda bei Mwaloni, soko letu la samaki, alitangaza mezani kwamba wauzaji wana tamaa. Baba yake akamuuliza, "Wiki iliyopita walipokuwa bei rahisi, hawakuwa na tamaa?" Kimya. Jumamosi akaenda mwenyewe kuwauliza akina mama wa pale. Wakamweleza kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi mingi inapaki, mzigo unapungua. Hiyo ndiyo mantiki niliyoitaka: sababu iliyopo siku zote haielezi kitu kinachopanda na kushuka. Sasa ana daftari, upande mmoja umbo la mwezi, upande wa pili bei ya kisado. Wazee wa elimu hii baada ya zile hatua tatu walifundisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota; kwetu hesabu na nyota zimeingia kwa mlango wa dagaa.

Balagha nitasema kwa ufupi, mkubwa ndiyo kwanza anaanza. Anaandaa neno fupi la vijana kanisani, na sharti langu ni moja: aeleze kwanza hoja ya asiyekubaliana naye, mpaka huyo mtu mwenyewe angesema "ndiyo, hicho ndicho ninachosema".

Kilatini kitasubiri. Mwaka huu mchambulie ngeli: kiti kirefu kimeanguka, mti mrefu umeanguka, aone sentensi inavyokubaliana mwanzo hadi mwisho. Akipenda baadaye, muulize padri yeyote mzee aliyepita seminari.

Na mkuu aliyesema kwenye maoni kwamba haya ni mambo ya wazungu, Agostino, yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, na alikuwa mwalimu wa balagha kabla ya kubatizwa. Ndiye aliyefundisha kwamba maarifa mazuri ya wapagani Mkristo ayachukue, kama Waisraeli walivyotoka na dhahabu ya Misri.

Pesa ya mtaala nunua Biblia yenye maandishi makubwa, kamusi ya Kiswahili na madaftari. Anza na Zaburi ya 1, mistari miwili kwa wiki inatosha.